Kicheko cha viti vya dripu

Siku ya dripu yangu ya kwanza nilikaa kiti cha katikati, mkono juu ya mto, macho yameganda ukutani. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa dirishani akanyanyuka kwenda chooni, akavuta stendi yake ya magurudumu, akatugeukia sote: "Jamani, huyu mume mpya ana wivu! Hata haja ndogo haniachi niende peke yangu." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, machozi yakanitoka, na sikujua kama ni ya kicheko au ni yale niliyoyazuia tangu daktari aliponiambia nina saratani ya titi. Zilikuwa zimepita wiki sita, na sikuwa nimecheka hata mara moja.

Matibabu yangu yalipangwa hivi: dozi nne za dawa mbili za saratani, doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, moja kila baada ya siku 21, halafu dawa ya tatu, paklitakseli, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Siku 21 ni wiki tatu kamili, kwa hiyo wenye ratiba moja hukutana siku ile ile, karibu kwenye viti vile vile. Sisi tulikuwa watu wa Jumanne. Tulikuwa sita.

Doksorubisini ni nyekundu kabisa. Hukaa imefunikwa isipigwe na mwanga, na kwetu muuguzi aliisukuma kwa mkono, polepole, ameketi kando ya mgonjwa, kila mara akihakikisha sindano iko ndani ya mshipa, kwa sababu ikivuja nje inaunguza nyama. Mama wa dirishani aliipa jina: Bi Harusi. Imejifunika, haiharakishwi, lazima awepo wa kuisindikiza. Ilipoletwa alisema, "Mpisheni Bi Harusi," nasi tukapiga vigelegele vya chinichini. Kisha akaniinamia, sauti imebadilika: "Mwanangu, leo ukienda haja ndogo utaona wekundu. Usiogope, si damu. Ni Bi Harusi anaaga." Kama si yeye, usiku ule ningekufa kwa hofu chooni. Ndiye pia aliyenifundisha kumumunya vipande vya barafu wakati dawa inaingia: mishipa ya mdomo hujikunyata kwa baridi, dawa inayofika mdomoni inapungua, na vidonda navyo vinapungua. Na nilipolalamika kwamba kijiko kina ladha ya chuma, Jumanne iliyofuata alikuja na vijiko vya plastiki, vya watu wote sita.

Muuguzi mmoja alitueleza kwamba asili ya doksorubisini ni bakteria waliopatikana kwenye udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya kale huko Italia. Mama akafurahi mno. "Sikuwaambia? Katoka kwenye ngome, ndiyo maana mahari yake kubwa."

Lakini utani una mwenyewe. Nywele zangu zilianza kutoka karibu wiki mbili baada ya dozi ya kwanza, zikibaki kwenye mto wa kulalia asubuhi, na ndugu yangu mmoja akanitania kichwa mbele ya wageni. Niliingia chumbani nikajifungia. Nilipolisimulia jambo hilo kwa wenzangu wa Jumanne, hakuna aliyecheka. Mama akasema, "Utani wa ugonjwa huanzwa na mgonjwa, mwanangu. Wengine wafuate, wasitangulie." Nilirudi nikamwambia ndugu yangu maneno hayo hayo, na akanielewa. Mama mwenyewe, siku aliyokuja kichwa wazi, ndiye aliyetangulia: "Msusi wangu analala njaa huko!" Hapo tulicheka, maana mlango aliufungua yeye.

Na kuna Jumanne ambayo hatukucheka kabisa. Dada mdogo kuliko sote alikuwa amepewa majibu mabaya asubuhi hiyo. Mama alisogeza kiti na stendi yake, akakaa karibu naye, akamshika mguu juu ya blanketi. Saa mbili nzima hakusema neno. Nadhani ndiyo sababu vicheko vyake havikuniumiza hata siku moja: alijua kunyamaza.

Naogopa sana watu wanaomwambia mgonjwa "cheka utapona", kama kwamba anayezidiwa amekosa furaha. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba, kati ya wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa, waliokutana kwenye kikundi cha kusaidiana waliishi muda mrefu zaidi. Watu wengi wakatumaini. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 kuhusu vikundi kama hivyo, wenye wanawake 235, haukuona maisha yakirefuka. Uliona majonzi na maumivu yakipungua. Mimi hilo la pili linanitosha, maana nimelipitia mwilini mwangu. Kutibu kulikuwa kazi ya dawa. Wenzangu walinisaidia kuivumilia mpaka mwisho.

Tena kuna usiku ambao utani wenyewe uliniokoa. Kila jioni mama alituandikia kwenye simu: "Mume kalala?" Na kila mmoja alijibu upuuzi wake. Siku ya kumi baada ya dozi ya tatu nilijibu "ndiyo" tu. Dakika haikupita simu ikaita. "Mbona jibu lako halina chumvi? Pima joto." Nikamwambia ni uchovu, nitameza kidonge cha homa nilale. Akakataa katakata: "Pima kwanza, ndipo umeze. Kidonge kinaificha homa." Kipimajoto kikasoma 38.4. Kati ya siku ya saba na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, hushuka kabisa, na homa ya 38 wakati huo haisubiri kupambazuke. Alibaki kwenye simu mpaka nikafika hospitali. Waliniwekea antibiotiki ya mshipani usiku ule ule, na damu yangu ilipopimwa, kinga ilikuwa karibu na sifuri.

Paklitakseli ilikuwa nafuu, ila vidole viliingia ganzi, vifungo vya blauzi vikanishinda. Yule dada mdogo ndiye aliyenifunga vifungo kila tulipomaliza, mpaka wiki ya 12.

Nimemaliza. Mama wa dirishani bado anatibiwa, kwa sababu ugonjwa ulionekana mifupani na sasa yuko kwenye dawa nyingine. Kila Jumanne naenda kukaa naye, nikimpelekea soksi nzito, maana miguu yake hupata baridi. Wiki iliyopita nilipofika, pampu ya dripu ilianza kulia, pii pii pii. Akaipapasa stendi kama anayembembeleza mtoto, akanikonyeza. "Tulia, baba," akaiambia. "Ni mwanangu huyu, hajaja kukuibia mke."