Hivi ile sauti kwenye voisi ni yangu kweli?

Hivi ushawahi kumuona mtu anasikiliza voisi aliyoituma mwenyewe halafu akaipenda? Mi bado. Kila mtu anakunja uso, anauliza hivi kumbe naongeaga hivi, na walio pembeni wanamshangaa maana wao kila siku wanamsikia hivyohivyo. Sababu yake inaeleweka. Ukiongea unajisikia kwa njia mbili, kuna sauti inayotoka mdomoni ikapita hewani mpaka sikioni, na kuna mtetemo unaopitia ndani kwa ndani kwenye mifupa ya kichwa, na mifupa inabeba vizuri zile sauti nzito, kwa hiyo we unajisikia una sauti nene imejaa wakati sisi wengine tunaipata ile ya hewani tu, na simu nayo inaipata hiyohiyo. Yaani kitu unakitumia tangu umezaliwa na mtaa mzima unakijua kuliko wewe.

Mi naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ya ushirika wetu wa kanisa hapa Uyole, Mbeya, na hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu kama kwenye sauti tu hali ndo hii, kwenye tabia itakuaje? Huo upole ninaosema ninao, huo uvumilivu, vyote nimevisikilizia ndani.

Mwalimu wetu wa kwaya ana kawaida yake. Jumatano jioni tukishaushika wimbo anaweka simu juu ya benchi, hamna kinanda hamna spika, tunaimba anarekodi halafu anatusikilizisha. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Uyole mnaijua, watu wana makoti na wengine wamejifunga mashuka, tunaizunguka hiyo simu kama tunaota moto, na hapo ndo uangalie nyuso za watu. Kila mtu anajitafuta. Sauti zote nne zinaenda pamoja lakini wimbo wenyewe hamna anayeusikiliza, wa besi anasubiri ile sehemu besi inashuka, wa soprano anasubiri pale juu, na mtu akijisikia anatabasamu, asipojisikia ananuna. Wakati kwenye kwaya ukisikika peke yako na hujapewa solo maana yake umeharibu, aliyepotea ndani ya wenzake ndo kaimba vizuri.

Umimi wa majivuno kila mtu anaujua na kila mtu anausema. Mi unaonisumbua zaidi ni ule wa kujishusha, yule anayesema mimi sijui kuimba jamani, mimi mniache tu, halafu anakaa anasubiri abembelezwe. Naye anajifikiria yeye tu, muda wote, sawasawa na yule anayejisifu, tofauti ni mlango aliopitia. Tena huyu ni mgumu kusaidika kwa sababu watu wanamuona mnyenyekevu na yeye mwenyewe anajiona mnyenyekevu.

Na tusidhani ni mambo ya kwaya. Mwaka 1981 mtafiti mmoja anaitwa Ola Svenson aliwaomba madereva wajilinganishe na wenzao walioko kwenye utafiti huohuo, na kwenye kundi la Wamarekani 93 kati ya kila 100 walijiweka kwenye ile nusu ya juu kwa ujuzi wa kuendesha. Kihesabu haiwezekani, nusu ni nusu. Sasa nenda kawaulize madereva wanaoshuka mlima Iwambi wakielekea Mbalizi, kila mmoja atakwambia mbovu ni yule wa mbele yake, na sidhani kama wanadanganya, wanasema wanavyojisikia kwa ndani.

Kulia kwangu anakaa mama mmoja kaimba alto tangu mi sijazaliwa. Siku moja baada ya mazoezi nikamuuliza, mama hivi mi naimbaje, niambie ukweli. Hakunijibu nzuri wala mbaya. Akasema, "Mwanangu, we imba huku unanisikia mimi. Ukiona umeacha kunisikia, punguza." Basi, akachukua shuka lake akaondoka. Mwanzoni niliona kama kanikwepa maana nilitaka maksi, nilitaka kujua niko wapi. Ila nimelifanyia kazi lile neno, na nimegundua ukiwa unamsikiliza mtu wa pembeni kwa umakini hupati hata nafasi ya kujiuliza unaonekanaje, na sauti inatulia yenyewe. Sasa najaribu hivyohivyo hata kwenye mabishano ya nyumbani, nikiona simsikii tena mwenzangu najua nimezidisha. Inachukua muda jamani. Kuna wiki naona nimekua, wiki inayofuata nabishia hadi sufuria.

Kwetu Rungwe watu wamepanda sana parachichi za Hass. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kwenye shina la mwingine, unaweza kutoa maua ungali mdogo kabisa, na wakulima wazoefu wanayatoa yale maua kwa mkono, roho inauma lakini wanayatoa, kwa sababu ukiuacha uzae mapema hivyo nguvu yote inaenda kwenye vitunda viwili vitatu na mti wenyewe unadumaa. Unasubiri kama miaka mitatu hivi. Mi nikifikiria sifa tunazopeana siku hizi, mtu kaimba ubeti mmoja tayari kipande kipo stetasi na mioyo mia chini yake, nayaona yale maua.

Ila hapo pia kuna jambo. Kwetu kuna binti ana sauti nzuri sana, ana miaka kumi na tisa, aliomba solo ya Pasaka mwalimu akamwambia bado, ngoja. Akasusa karibu aache kwaya. Mi naona mwalimu alikuwa sahihi, pumzi zake bado fupi, akifika katikati ya mstari anakata. Lakini hakumwambia hivyo, alimwambia ngoja tu, na mtu akiambiwa ngoja bila sababu anaelewa hatakiwi. Wakubwa tunalo hilo, tunataka vijana wavumilie halafu hatuwaonyeshi wanachovumilia.

Nilimfuata kwao. Nikamwambia mdogo wangu, tufanye hivi, kila Jumamosi tunarekodi kipande kimoja, mimi nasikiliza cha kwako kwanza na we unasikiliza cha kwangu kwanza, unaniambia pumzi zinakatikia wapi. Akaniuliza, "Dada, na wewe zinakatika?" Nikamwambia sikiliza uniambie. Wiki hii kaniambia zinakatika kwenye mstari wa tatu, kila ubeti, na mwenyewe nilikuwa sizisikii kabisa.