Nilivyorudi kwenye meza ya Bwana bila kula ngano

Daktari aliponiambia kuwa nina siliaki na kwamba nisionje ngano tena maishani, swali la kwanza lililonijia halikuhusu jikoni. Mimi Mkatoliki, nilijiuliza kimoyomoyo: na Komunyo je, mkate mtakatifu tunaoupokea kwenye Misa?

Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Tiba ni kuiacha gluteni kabisa, na hata chembe ndogo yaweza kudhuru. Hostia, yaani mkate huo mwembamba wa Komunyo, ni unga wa ngano na maji tu. Baada ya mageuzo, padre anapoyasema maneno ya Yesu juu yake, ni Mwili wa Kristo kweli, lakini maumbo ya mkate hubaki, gluteni nayo. Hayo niliyajua tangu katekesi, ila sikuwahi kuwaza kwamba siku moja yangegusa afya yangu.

Miezi mitatu nikabaki kwenye benchi. Wenzangu wakipanga mstari, mimi nimepiga magoti, macho sakafuni. Nilikuwa nimekomunika kila Jumapili kwa miaka mingi kama mtu anywaye maji bila kiu. Sasa kiu ikaja, na maji sina. Nikawa mwepesi wa hasira nyumbani. Sala ikawa maneno matupu. Kusamehe kitu kidogo kulinichosha kama kubeba mzigo mlimani. Ndipo nilipomwelewa nabii Elia chini ya mti wa mretemu, aliyetaka kufa hadi malaika akamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Alikula, akatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu. Nami nilikuwa na safari, ila masurufu sikuwa nayo.

Rafiki alinishauri nitafute hostia za mchele. Nikampelekea paroko wazo hilo kwa furaha.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mkate wa Ekaristi ni wa ngano peke yake."

Akanionyesha kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa, kisha barua ya Vatikano ya 2003, ambayo msimamo wake ulirudiwa mwaka 2017: hostia zisizo na gluteni hata kidogo si halali kwa sakramenti, zenye gluteni kidogo ni halali. Nakiri niliumia. Kanisa linaninyima Bwana kwa sababu ya nafaka? Padre hakunikemea. Alisema Bwana ndiye aliyeutwaa mkate siku ile ya Karamu ya Mwisho, nasi tunapokea alichotupa. Halafu akafungua kanuni ya 925: panapo lazima, mtu aweza kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Kristo mzima yumo katika kila umbo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilifundisha hilo katika karne ya 16. Waamini wanaopokea Hostia tu hawakosi kitu, nami nikipokea kikombe tu sikosi kitu. Nilitoka ofisini mwake nikilia.

Hostia zenye gluteni kidogo daktari wangu alizikataa kwa hali yangu. Mwingine huenda akaruhusiwa, amuulize wake.

Mara ya kwanza tulikosea. Nilikunywa katika kalisi ya padre, kikombe chake cha divai, tukasahau kwamba wakati wa "Mwanakondoo wa Mungu" yeye humega Hostia na kutia kipande ndani yake. Niliugua siku mbili. Tangu hapo nina kalisi yangu ndogo yenye kifuniko na kitambaa chake cha kufutia. Mimi hufika mapema sakristia, chumba cha maandalizi ya Misa, divai ikamiminwa katika kalisi hiyo kabla ya mtu kushika hostia, kisha ikawekwa altareni juu ya korporale, kitambaa cheupe, pamoja na vipaji vingine vya mkate na divai. Humpokea Bwana kwa mhudumu ambaye bado hajagawa Hostia. Nikiwa ugenini humweleza padre kabla ya Misa. Wengi huelewa upesi. Isipowezekana, hufanya Komunyo ya tamaa, yaani kumwomba Bwana aje moyoni bila kupokea sakramenti. Zamani niliiona kama kifuta jasho. Sasa huifanya kwa moyo wote, maana najua ninachokitamani.

Jumapili ile ya kwanza baada ya kupata kalisi yangu, niliposema "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu", sauti ilikwama. Mhudumu akainua kikombe: "Damu ya Kristo." Nikajibu Amina, nikanywa. Baadaye padre akatia maji kidogo katika kalisi ile, nikayanywa pia hadi tone la mwisho, naye akaikausha kwa kitambaa chake na kuifunika.