Siku moja na sabufa ya inchi 10, kutoka Kariakoo hadi Kinyerezi

Saa 2:00 asubuhi. Tunafungua duka Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mimi ni fundi wa sauti: nauza, natengeneza, nafunga majumbani. Leo nina kazi ninayoipenda kuliko zote. Bosi ameletewa sampuli ya sabufa ya inchi 10, ile ya kujitegemea yenye amplifaya ndani yake, ya bei ya kuanzia. Anataka jibu kabla ya jioni: tuagize mzigo au tuache.

Saa 2:30. Maneno ya mbele ya boksi siyasomi. Naigeuza mashine nisome kibandiko cha umeme kilichoko mgongoni. Volti 220 hadi 240, hezi 50 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), inakula wati 75. Kijitabu chake kinasema amplifaya inatoa wati 50 za mfululizo na 100 za kilele, yaani za mpigo mfupi tu. Hesabu inakubali. Kwenye rafu ya jirani kuna seti ya sabufa na vispika vyake imeandikwa kwa herufi kubwa wati 8,000 za PMPO, yaani kilele cha kutangazia biashara, na mgongoni inakula wati 60. Mashine haitoi kwa mfululizo nguvu ambayo haikuingia kwenye waya wake. Mteja akilijua hili tu, hauziwi tena mbuzi kwenye gunia.

Volti naziangalia kwa sababu nyingine pia. Mzigo uliotengenezwa kwa soko la Marekani huja wa volti 120, na ukichomekwa kwenye 230 yetu, amplifaya inaweza kwenda siku hiyohiyo.

Nagonga ubavu wa kabati kwa kifundo cha kidole. Sauti fupi, nzito. Ingevuma, ningejua mbao ni nyembamba na kabati lenyewe lingejitia kuimba.

Saa 3:30. Naiwasha bila muziki wowote na kuweka sikio karibu na koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka. Kimya. Nachomeka kebo kutoka kwenye risiva (amplifaya kuu ya spika), kimya. Naunganisha king'amuzi chenye waya wa dishi, mngurumo wa chinichini unaanza. Nachomoa waya wa dishi, mngurumo unakatika. Basi shida ni njia mbili za ethi (waya wa kwenda ardhini) zinazokutana, sabufa haina kosa. Sabufa nyingi nzuri hurudishwa dukani kwa sababu ya jambo hili, na inaniuma kila ninapoliona.

Saa 4:15. Napiga toni kutoka kwenye simu, nikishuka taratibu: hezi 100, 80, 60, 50. Inatoka safi. Kwenye 40 bado imesimama, ingawa imepungua kidogo. Kwenye 30 mambo yanabadilika: koni inacheza sana, besi karibu haipo, na tundu la hewa linapumua fuu-fuu kiasi cha kupeperusha karatasi niliyoishika mbele yake. Ndivyo yalivyo makabati yenye tundu. Ukishuka chini ya hezi ambazo tundu lilipangiwa, hewa ya ndani haiishiki tena koni, na ukiongeza sauti hapo unaiumiza wufa (spika ya besi) bure.

Kwa bei hii siilaumu. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia kwenye hezi 41 ukiwa wazi. Karibu muziki wote unaochezwa majumbani kwetu unaingia humo.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage, wateja wa chaja na rimoti.

Saa 8:30. Dukani huwezi kumaliza kuipima sabufa, kwa hiyo naipeleka Kinyerezi kwa mteja wetu, mwalimu mstaafu mwenye spika mbili ndogo za rafuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Liweke pale kwenye kona, ndipo penye nafasi."

Nimeiweka kwenye kona kwanza, nikapiga muziki wa dansi. Besi ikajaa nyumba, vikombe vikalia kabatini, lakini gitaa lilikuwa linatoa "dum" moja kwa kila noti. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na sebule hii ni mita 5 kwa 4. Chumba cha namna hii chenyewe kinavimbisha besi karibu na hezi 34 na 43, na kona ndiyo inayovimbisha zaidi.

Ili kupata mahali pake tukageuza nafasi: tukaiinua sabufa, tukaiweka juu ya kochi analokaa mzee, nikapiga besi ileile huku mimi nikizunguka kwa magoti kandokando ya kuta nikisikiliza. Karibu na mlango wa korido, noti zilitengana. Hapo ndipo tulipoihamishia. Krosova, yaani mpaka ambao chini yake sabufa ndiyo inayopiga, nimeiweka kwenye hezi 90 kwa kuwa spika zake ni za inchi 4, na swichi ya fezi, inayogeuza koni ianze kwenda mbele au nyuma, nimeijaribu kwenye 0 na 180 mzee akiwa ameketi. Kwenye 180 besi ikanenepa, tukaiacha.

"Sasa gitaa nalisikia linatembea," akasema mzee.

Kisha nikapiga singeli. Kwa mwendo wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, koni isiyojua kusimama huchanganya pigo na pigo. Hii ilijitahidi. Sauti ilipopandishwa sana ilianza kulegea, ila kwa sauti ya sebuleni ilikuwa sawa. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni kuuliza sauti inatoka wapi. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa: besi isijulikane inakotokea.

Saa 11:30 jioni. Nimemwandikia bosi: tuagize. Iuzwe pamoja na kebo ya mita 5, kwa sababu mahali pazuri huwa mbali na televisheni. Tusimpe mtu wa kumbi wala wa sherehe. Anayetaka milipuko ya filamu inayoshuka hadi hezi 25, tumshauri adunduize hela ya sabufa kubwa zaidi.

Akauliza nani atanunua wati 50 wakati pembeni kuna 8,000. Nimemjibu tuziwashe zote mbili mbele ya duka, tulinganishe sauti zisizidiane, tupige wimbo mmoja wa dansi, na mteja aachwe asikilize gitaa.