Miezi mitatu Moshi

Leo nimetimiza miezi mitatu tangu nivuke mpaka wa Kenya na Tanzania pale Holili, nikitokea Nakuru na mabegi mawili. Lugha sikuiwazia kabisa. Kiswahili si ndicho hiki hiki? Wiki ya kwanza, soko la Mbuyuni, nikamwambia mama muuza ndizi, "Nipe kichane kimoja." Akanitazama kwa upole: "Mwanangu, hata salamu?"

Niliona aibu kweli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nyumbani hawajambo, ndipo akaanza kunichagulia. Akabonyeza ndizi kwa kidole gumba, akanionyesha mshare za kupikia mtori na zile za kuivisha. Tangu siku hiyo "nipe" nimeiacha. Nasema "naomba", hata kwa konda wa daladala.

Kibali cha ukaazi bado nakifuatilia, na kinachosha. Asubuhi nikizidiwa na upweke natoka na chai yangu, naitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika.

Jana mama yule kaniongezea ndizi mbili bila kuombwa. "Ukimpigia mama yako Nakuru," akasema, "mwambie namsalimia."