Bustani ya maua Shangani, Mtwara: kumbukumbu ya mkasi na majira

Mei

Mvua zimekatika, kusi limeanza. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu juu ya jiwe la matumbawe, na upande wa baharini upepo unakuja na chumvi yake. Kwa hiyo nimechagua mimea kwa kuangalia kwanza ipi inavumilia chumvi na ukame, rangi baadaye. Mstari wa mbele: bogenvilia na plumeria. Nyuma ya ukuta: haibiskasi na asumini. Chini yao vinka, kiua kidogo cha waridi na cheupe ambacho asili yake ni Madagaska. Kinadumu mwaka hadi mwaka kwenye mchanga ambao mingine inaukataa, na dawa za saratani vincristine na vinblastine zilipatikana kwanza humo. Ng'ombe na watoto wasikitafune lakini, kina sumu.

Oleanda nimeikataa kabisa. Inahimili chumvi kuliko yote, sikatai, ila kila sehemu yake ni sumu kali, hata moshi wa matawi yake ukiyachoma, na uwani kwangu watoto wa jirani wanashinda.

Sasa mkasi. Maelekezo mengi ya kupogolea yameandikwa kwa watu wenye vuli na masika, au kwa Wazungu wanaokata baridi ikiisha. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, halafu kiangazi kirefu. Nimeamua kila mti niukate kwa kuuliza: ua lake linatoka wapi, na linataka maji au kiu?

Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, na hupenda kiu. Ikishiba maji inarefusha matawi na miiba tu. Ndiyo maana nimeikata sasa, mvua zinapoishia: fimbo zote ndefu za msimu wa mvua nimezirudisha nyuma, zile dhaifu za ndani nimezitoa hadi shinani. Machipukizi yatakomaa kiangazi kikiwa kimeshika. (Ukiisogelea utaona kwamba ile rangi ni ya majani yaliyogeuka; ua lenyewe ni kibomba cheupe katikati, mara nyingi vitatu pamoja.)

Agosti

Bogenvilia imewaka ukuta mzima. Kumwagilia ni mara chache sana, na sijaipa samadi hata kidogo.

Plumeria imepukutisha majani. Ndiyo tabia yake wakati wa ukame, haijafa. Matawi mawili yaliyokuwa yanasuguana nimeyakata, nikayaweka kivulini mpaka utomvu mweupe ukauke kabisa, ndipo niyapande. Ukilichomeka bichi linaoza. Zaidi ya hapo siigusi, kwa sababu maua yake hutoka ncha za matawi. Ukikata ncha umekata maua ya msimu.

Iksora tuliyoikuta uwani inang'olewa. Majani yake ni ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Udongo wetu una chokaa nyingi ya matumbawe, na mmea huu unashindwa kuchukua chuma humo. Anayeipenda aipande kwenye chungu chenye mboji.

Oktoba, mwishoni

Hii ndiyo kazi niliyoingojea. Haibiskasi: ua moja haliishi zaidi ya siku moja au mbili, kwa hiyo uzuri wa kichaka unategemea wingi wa machipukizi mapya, na machipukizi yanataka mvua. Nakata kabla mvua haijafika. Nashika tawi, natafuta jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje, nakata mshazari juu kidogo ya jicho hilo, mteremko ukielekea upande wa pili ili maji yasitulie juu yake. Jicho la ndani likiachwa juu, tawi jipya litaingia katikati ya kichaka na kuziba upepo. Siondoi zaidi ya theluthi moja ya kichaka kwa mara moja. Ncha mbili zilikuwa na vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba. Nimezitoa, nikazifunga kwenye mfuko, nikafuta mkasi kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine. Kwingine nimenyunyizia maji ya sabuni.

Asumini nayo zamu yake ilikuwa leo, ila bibi wa nyumba ya pili alinikuta mkasi mkononi.

“Mjukuu wangu, harusi yetu ni wiki ijayo. Vikuba nitavitunga kwa maua gani?”

“Shikamoo bibi. Upande wa kisimani sitaugusa.”

“Marahaba. Na nitakuja alasiri, maua yakiwa bado yamefumba.”

Ni kweli, kuchuma ni hapo, kabla vitumba havijafunguka usiku. Nimekata nusu moja tu ya kichaka. Msimu wa korosho ukianza kulipa, harusi zinafuatana, na maua haya yana kazi yake mtaani.

Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku kucha. Haibiskasi ina machipukizi kila nilipokata, na mengi yanaelekea nje. Nusu ya asumini iliyobaki imekatwa sasa, nayo imepewa samadi ya mbuzi iliyoiva. Shinani nimetandaza majani makavu ya mkorosho, maana mchanga huu haushiki maji hata mvua ikinyesha.

Kilichobaki ni maua ya makana: nayachimbua wiki hii, nayagawa mashina yake ya chini ya ardhi, kila kipande kiwe na jicho, na kuvipanda upya karibu na bomba, maana yale, tofauti na bogenvilia, hayachoki kunywa.