Nilivyomaliza mswada nikiwa kwenye mashine

Mashine ya kusafisha damu hunichukua saa nne, mara tatu kwa wiki, na muda wote huo mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa ili ichomwe sindano za mashine, haukunjwi. Wangu ni wa kushoto. Wa kulia, ambao ndio wa kuandikia, umefungwa mkanda wa kupimia presha, na kila ukijaa upepo kalamu inasimama. Figo zangu ziliuawa na presha hiyohiyo, niliyokaa nayo miaka bila kuijua.

Ujanani nilitaka kuandika riwaya kubwa ya Tanga: mkonge, reli, bandari, vizazi vitatu. Wachapishaji wakaniambia lete vya kiada, shule ndizo zinazonunua. Nikaandika vya kiada. Vimenilisha, sivitukani.

Na palikuwa na binti wa Ngamiani, hapohapo Tanga mjini. Tukiandikiana barua ingawa kati ya kwao na kwetu ni barabara tatu tu. Wazee walipokwenda kuposa, baba yake aliuliza kijana ana kazi gani. Wakamjibu, anaandika. "Anaandika nini, hati za kesi?" Posa ikarudi. Baadaye akaolewa Muscat.

Nilipoanza kuugua niliirudia kwanza ile riwaya kubwa. Haikwenda. Mtu aliyekatazwa hata madafu kwa ajili ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, anayepimiwa maji kwa kikombe, hana pumzi ya vizazi vitatu. Nikaiweka kando, nikaandika habari zangu na yule binti tu, kwa vipande vifupi ambavyo kila kimoja kinaweza kwisha kwa kikao kimoja.

Kalamu niliiacha, nikawa najirekodi kwenye simu. Saa ya kwanza ndiyo ya kazi, kichwa bado kizima. Ikifika ya tatu presha hushuka, misuli ya mguu hukaza, na ninachosema hapo ni maneno ya mlevi. Hayo nimeyafuta yote. Anayechapa ni binti wa dada yangu. Jioni hupiga simu: "Shikamoo mjomba. Hapa umesema alicheka au alichoka?" Mara nyingi sikumbuki. Namwambia aandike alicheka.

Jirani yangu wa kitandani, dereva wa malori mstaafu, alikuwa akizima redio nikianza kurekodi. Siku moja akanitupia: "Mzee mwenzangu, huyo baba wa binti umemwonea huruma. Mtie ukali, watu wamchukie." Nikamkatalia. Yule mzee alikuwa na binti wa kuoza na aliuliza swali ambalo ningeliuliza mimi, ningekuwa na binti. Miaka ile singeweza kuliandika hivyo; ningemchora shetani, na kitabu kingekuwa kibovu.

Mswada umekwisha na mpwa wangu ameshauchapa. Kilichobaki ni ubishi wetu: anataka jina halisi la yule bibi liwemo, eti wasomaji wanapenda ukweli. Nimemwambia aweke lolote jingine, maana mwenye jina ni mke wa mtu na ana wajukuu.