A ya Kiswahili haikuniuzia leso Mombasa

Kabla sijatoka Kitui kila mtu alinipa ushauri uleule: Mombasa ni Kiswahili tu, na wewe ulipata A, utatesa. Leo nawajibu. Mimi natembeza leso nyumba kwa nyumba, nakopesha, na hiyo A haikuniuzia hata doti moja, yaani leso mbili, Mji wa Kale.

Bimkubwa wa kwanza niliyempigia hodi alinisikiza mpaka mwisho, sentensi zangu zote zimenyooka, kisha akaita walio ndani: "Ndooni muone, redio yatembea!" Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kina ndoo badala ya njoo, mato badala ya macho, mtele badala ya mchele. Tena mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa hiihii! Nilikaa barazani kwa bimkubwa yule jioni nyingi, nanunua mahamri ya mjukuu wake, nasikiza. Masikio yakazoea, ulimi ukafuata polepole.

Soko la Kongowea halikunisumbua. Kikamba kimejaa pale, na nilikokwama nilimwita mtu wa kwetu. Kwa mama wa Kigiriama kule Kisauni naanza na salamu yao, "mudzalamukadze", hata kama matamshi yangu yanawachekesha. Akishacheka, leso ishafunguliwa.

Sasa Biashara Street, ninakonunua mzigo kwa Wahindi. Mwanzoni nilijifunza salamu za Kigujarati kwenye simu, nikaingia dukani kifua mbele: "Kem cho!" Mzee wa duka akanijibu kwa Kimvita safi kuliko changu, kwani yeye na babake wamezaliwa hapo hapo. Wanaowashauri wageni wakariri salamu za Kihindi wanawapotezea wakati. Salamu haishushi bei.

Kinachoshusha bei ni namba. Jirani yangu wa Majengo alikuwa amepikia familia za Kihindi miaka mingi, na tukichambua maharagwe alinifundisha: ek, be, tran, char, panch, hadi mamia. Nikarudi dukani kimya, uso wa mtu asiyejua kitu. Nilitaka korja nzima, yaani leso ishirini. Mzee akasema doti ni mia tatu, haipungui. Nikanung'unika, nikashika mlango. Akamgeukia kijana wa kaunta, wakaongea haraka haraka, nikanasa "baso pachas". Mia mbili hamsini! Nikakung'uta kipochi, nikahesabu noti taratibu, nikasema, "Baba, nina mbili na nusu tu kwa doti, ukikataa naelewa." Akanitazama. Akamtazama kijana. Akacheka mpaka miwani ikateremka, akanifungia mzigo. Siku hizi wakitaka kushauriana bei mbele yangu wanaingia stoo.

Lakini angalia: si Wahindi wote wa mtaa ule ni Wagujarati. Wengine nyumbani kwao ni Kikutchi, na huko namba zingine zinabadilika. Uliza kwanza, usije ukachekelea bei ambayo hukuielewa.

Likoni nikivuka feri nakutana na Kidigo, nacho kinafanana na Kigiriama vya kutosha kunivusha.

Kiarabu nilijaribu, nikaacha. Wateja wangu wenye asili ya Hadhramaut, Yemen, wanaongea Kimvita kutwa, na leso wanaichagua kwa jina, yaani msemo ulioandikwa, kabla ya rangi. Kwa hiyo nguvu zangu nimezipeleka kwenye majina: nayasoma yote usiku kabla sijafunga furushi, nijue lipi la shoga, lipi la mkwe, na lipi la kumrushia jirani.